Vumbi Kwenye Lenzi

Tarehe 3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Huku wote wazima, isipokuwa goti la mama, ambalo siku hizi ndilo linaloamua nani atumwe dukani. Kaka amejaaliwa mapacha wa kike. Wamefanana hivi kwamba aliwafunga uzi mguuni, mmoja mwekundu, mwingine wa kijani, na juzi nyuzi zote mbili zikafunguka ndani ya beseni la kuogea. Anasema ana hakika ni yupi ni yupi. Sisi tumenyamaza, ila nadhani majina yameshahama.

Nakuandikia kwa sababu tulipoongea kwa simu nilikuambia "mapacha" ukanijibu kwamba makaratasi yako kabatini. Barua haihitaji masikio.

Sasa neno lenyewe. Pale masijala wamepanga upya ofisi, na meza yangu wameihamishia dirishani, upande wa magharibi. Kuanzia saa nane mchana jua linanikalia shavuni. Nilimweleza msimamizi kwamba ngozi yangu ya ualbino na jua havipikiki chungu kimoja. Akanijibu kwa upole tu, "Lakini kuna kioo." Wenzangu wakatikisa vichwa kukubali. Nami, Mjomba, sijui. Kioo kinazuia au hakizuii?

Miaka thelathini na mmoja nimeishi na kofia, mikono mirefu na losheni, nikimkimbia adui ambaye sijawahi kumwona. Daktari wa ngozi aliniambia kinachonichoma hasa ni miale ya urujuanimno, iliyo ng'ambo ya zambarau, na kwamba macho ya binadamu hayafiki huko. Si haya yangu mabovu tu, hata yale mazima. Nimesoma mahali kwamba kamera inaweza kufika. Ni kweli? Ninayo kamera ndogo niliyoinunua mwaka juzi. Wewe uliyekula chumvi katika kazi ya kupiga picha, niambie nianzie wapi.

Mpwa wako,
Bi Kwanini

Tarehe 19 Februari

Bi Kwanini,

Marahaba, mwanangu. Mpe kaka yako hongera na mwambie awafunge watoto nyuzi za kushona, si za kufungia maandazi. Mkaza mjomba wako hajambo. Chumba changu cha giza amekifanya cha kuku wanaoatamia. Trei nilizosafishia picha za maharusi wa mji mzima, leo kuna mayai humo. Nililalamika, akaniuliza ni lini mara ya mwisho nilisafisha picha. Nikaona nisiendelee na kesi.

Ni kweli unachouliza. Na ajabu ni kwamba mimi miale hiyo nimeifukuza maisha yangu yote. Ukipiga picha za mbali kwenye mwanga mkali, ilikuwa inatia ukungu wa kibuluu, kwa hiyo tulifunga kioo cha kuizuia. Leo wewe unataka kumkaribisha mgeni niliyemfungia mlango.

Kamera yako ndani yake ina kioo chembamba, mbele ya kile kibati kinachopokea picha. Kazi yake ni kuizuia miale hiyo. Tafuta fundi mwenye mkono mtulivu akitoe. Na ujue kamera haitarudi kuwa ya kawaida. Pili, lenzi. Lenzi za kisasa zina vioo vingi vilivyopakwa dawa, na zinaimeza miale kabla haijafika. Unahitaji lenzi ya kizamani yenye vioo vichache. Hapo una bahati: ile ya mashine yangu ya kukuzia picha inafaa sana kwa kazi hii. Nimeitoa kabla kuku hajaitagia, imo ndani ya soksi kwenye kifurushi hiki. Kilichobaki ni kichujio, kioo cheusi kabisa kinachopitisha urujuanimno na kuuzuia mwanga mwingine. Hicho utaagiza.

Mambo mawili usiyafanye. Usilielekeze jicho wala kamera kwenye jua lenyewe. Na usinunue zile tochi za urujuanimno ukajimulika. Jua linatosha, mtu haleti moto kwenye nyumba inayoungua.

Mjomba wako

Tarehe 15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama anasema asante kwa soksi, ameuliza ya pili iko wapi. Goti linaendelea kutawala.

Fundi simu wa karibu na kituo alikitoa kile kioo. Alinionya mara tatu kwamba naharibu kamera nzima kwa hiari yangu, mara ya nne akaniomba nije nimwonyeshe picha. Kaka, kwa kuwa kazi yake ya kuchomelea mageti imepungua, alinikatia kipande cha bomba la plastiki na kuishikiza lenzi yako kwenye kamera. Nalisukuma bomba mbele na nyuma mpaka picha itulie. Kwangu mimi ni afadhali hivyo, kwa sababu naikuza picha kwenye kioo cha nyuma cha kamera na kuisogeza mpaka puani, na hakuna anayeniharakisha.

Kichujio nilichoagiza kikafika, lakini picha nane za kwanza zilikuwa ukungu mtupu. Nikagundua kwamba nikipanga picha itulie bila kichujio, nikikiweka inapotea tena. Miale hii haitulii mahali pale pale. Sasa napanga kichujio kikiwa tayari kimevaliwa, nahesabu moja, mbili, bila kupumua.

Halafu, Mjomba, alizeti. Kuna moja imejiotea penye ukuta wa masijala, njano kutoka katikati hadi ncha, kama unavyoijua. Kwenye kamera nusu ya kila petali, upande wa ndani, ni nyeusi, na ncha zinang'aa. Ni kama mtu amechora shabaha ya kulengea mshale. Nilimwita mhudumu wa usafi atazame. Akatazama kamera, akatazama ua, akasema, "Kumbe nyuki hawabahatishi." Nimekaa na neno hilo wiki nzima.

Miwani yangu, ambayo ni myeupe kabisa, imetoka nyeusi kama ya mtu anayejificha kwa wadai. Mama ametoka mweusi tii. Mimi nimetoka kijivu, na madoadoa ambayo kioo cha nyumbani hakiyajui.

Na dirisha. Nilifungua nusu moja, nyingine nikaifunga, nikapiga. Nusu iliyofungwa imefifia kidogo tu. Yaani jua linapita kioo kama mwenye nyumba. Nilimpelekea msimamizi picha. Akaitazama, akaniuliza ni nini, nikamweleza. Jumatatu meza yangu ilikuwa imerudi kwenye makabati.

Nakutumia zote kwenye bahasha. Niulize lolote.

Bi Kwanini

Tarehe 30 Machi

Bi Kwanini,

Marahaba. Vifaranga kumi na watatu wametoka chumba cha giza. Mkaza mjomba wako anasema hiyo ndiyo kazi bora iliyowahi kutoka humo.

Picha za alizeti nimezishika mpaka zimekunjika pembe. Nimepiga maua ya maharusi bila idadi, na kumbe sikuwahi kuliona ua hata moja. Jirani yetu seremala alikuja kuazima ngazi, nikamwonyesha, akasahau ngazi.

Sasa mimi ndiye mwenye kwa nini. Nimeambiwa losheni ya jua, ile inayopotea ukishajipaka, kwenye kamera kama yako hutoka nyeusi kama wino, kwa sababu inameza miale. Hebu jaribu. Jipake nusu ya uso, nusu uache kwa dakika moja tu, kivulini, ujipige picha. Nina hamu ya kuona.

Mjomba wako

Tarehe 12 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sote salama. Mapacha wameanza kutabasamu, mmoja kabla ya mwingine, na baba yao anadai huyo ndiye mwenye uzi mwekundu.

Nimefanya ulivyosema. Kibarazani, kamera juu ya kigoda cha mama cha jikoni, ikajipiga yenyewe. Nilijipaka upande wa kushoto, kuanzia paji la uso hadi chini ya sikio, losheni ileile ninayotumia tangu hospitali iishiwe na ile ya bure, miezi saba iliyopita.

Hakuna kitu. Shavu la kushoto na la kulia sawasawa. Nilirudia, nikapaka nyingi kama mtu anayepaka ukuta. Hakuna kitu. Nadhani nimekosea mahali. Nimekutumia picha hizo mbili unionyeshe kosa langu.

Bi Kwanini

Tarehe 24 Aprili

Bi Kwanini,

Marahaba. Huku mvua, na vifaranga wamehamia chini ya kitanda.

Tusiihukumu losheni kabla ya kumhoji shahidi. Vichujio vingine vina ujanja: vinapitisha urujuanimno, na kwa mlango wa nyuma vinapitisha pia miale ya upande wa pili, ng'ambo ya nyekundu. Huko losheni haionekani kabisa. Inawezekana losheni yako ni njema na kichujio ndicho mwongo. Dawa ni hii: tafuta losheni ambayo huna shaka nayo, hata tone, ipake mkononi mstari mmoja, na hii yako mstari wa pili kando yake. Picha moja, jua moja, kichujio kimoja. Ikiwa mistari yote imepotea, mkosa ni kichujio. Ukitokea mmoja, unajua la kufanya.

Halafu swali dogo. Kwenye picha zako za uso kuna alama chini ya sikio la kushoto. Ni nini?

Mjomba wako

Tarehe 6 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo.

Muuguzi wa kliniki ya ngozi alinikamulia mabaki ya losheni ile ya hospitali kwenye kifuniko cha dawa. Nimepaka mistari miwili mkononi. Ule wa hospitali umetoka mweusi kama umepigwa kwa rula na wino. Ule wa kwangu haupo. Mkono mtupu.

Kwa hiyo miezi saba nimekuwa nikijipaka harufu nzuri.

Nilikwenda na kamera kwenye duka ninakoinunua. Mwenye duka alibisha kwanza: chupa zina lebo, zina namba, wateja hawajalalamika. Nilimwomba atoke nje dakika mbili. Nikanyoosha mkono wangu, nikapaka mistari miwili mbele yake, nikampa kamera aangalie mwenyewe. Aliangalia muda mrefu. Aliuliza mstari mweusi ni wa chupa gani, akarudi ndani, akaanza kuzishusha chupa rafuni moja moja. Alikuwa amezinunua kwa mtu anayepita na gari lisilo na jina la kampuni. Mwishowe akaniambia, "Mdogo wangu wa mwisho yuko kama wewe. Ndiye niliyeanza kumpa." Sikuweza kumgombeza tena.

Chupa moja nimempelekea daktari, naye ameipeleka kunakohusika.

Ile alama uliyouliza ni vumbi kwenye lenzi. Nimeshaifuta.

Bi Kwanini

Tarehe 16 Mei

Mwanangu,

Leo hatujambo, na salamu zinaishia hapo.

Vumbi nalijua. Vumbi kwenye lenzi halitoi alama kali namna ile. Linafifisha picha tu. Linalotoa doa ni vumbi la ndani ya kamera, na hilo hukaa mahali pamoja katika kila picha. Nimezipanga picha zako zote mezani, kumi na nne. Alizeti haina doa. Dirisha halina. Mkono hauna. Doa liko kwenye picha mbili za uso, na katika ile ya pili umegeuza kichwa kidogo, nalo limegeuka pamoja nawe. Kingo zake zimeinuka. Na katika picha zote nyingine unazotokea, tangu Machi, umevaa skafu.

Miaka thelathini na minane kazi yangu ilikuwa kuondoa madoa kwenye nyuso za watu kwa brashi na wino. Chunusi, makovu, ndui. Nayajua madoa kama mchungaji anavyowajua ng'ombe. Hili sikulipenda.

Nina jambo la kukuambia ambalo sijamwambia mtu. Ulipoanza shule nilikupiga picha ya sare. Mama yako alikuja kuichukua, akaitazama, akaniomba nikupake kidogo, ufanane na kaka yako, watu wasiseme. Nilimwambia si kazi ngumu. Nikakupaka rangi ya kahawia uso mzima, shingo na mikono, kwa brashi nyembamba, siku mbili. Kazi safi; mtaalamu mwenzangu asingeijua. Wewe uliishika ukaniuliza, "Mjomba, huyu ni nani?" Nilikuambia kula biskuti yako.

Nilikuwa nimeona na nikanyamaza, mwanangu. Safari hii sinyamazi. Methali ya mficha maradhi unaijua, sitaki kuimalizia. Nenda hospitali. Ukirudi, nitukane.

Mjomba wako

Tarehe 13 Juni

Bi Kwanini,

Sijapata jibu. Nimepiga simu kwa mama yako mara mbili. Nimesikia goti, mapacha, na neno lililofanana na "samli". Nimekata.

Andika hata mstari mmoja.

Mjomba

Tarehe 8 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Neno lilikuwa "Jumanne." Mama alikuwa akikuambia nafanyiwa upasuaji Jumanne.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa nimekasirika, na nilikasirika kwa sababu ulikuwa umesema kweli. Doa nililigundua Novemba. Lilianza kama kipele kisichopona. Nilijua, Mjomba. Mtu mwenye ngozi kama yangu anajua kabla daktari hajavaa glavu. Nikajiambia kwamba nisipolitaja halijazaliwa. Nikanunua skafu tatu. Kisha nikachukua kamera iliyoweza kuona yasiyoonekana, na bado nikageuza shingo upande wa pili.

Barua yako nimeisoma nikiwa kazini, kati ya makabati. Nikaiweka kwenye faili la watu wengine nisiione. Kesho yake nikaitoa. Keshokutwa nikaenda. Walikata kipande kidogo wakapeleka maabara. Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Ni kansa, ile ya ngozi isiyokimbia haraka, na bado ilikuwa changa. Wameiondoa yote pamoja na ukingo mzima kuizunguka. Nyuzi saba. Daktari anasema kama ningeingia nayo mwaka mwingine, na losheni ile, tungekuwa na mazungumzo tofauti. Nitapimwa kila miezi mitatu. Mama alilia, kisha akauliza kwa nini wewe ulijua kabla yake. Nimemwonyesha picha. Akaisogeza karibu na taa, akasema, "Kaka yangu ana macho."

Ile picha ya shule naikumbuka. Nilidhani ni mtoto wa jirani aliyeazimwa sare yangu. Nilimwonea wivu, kwa kuwa kila aliyekuja nyumbani alimsifia. Siwezi kukuambia kwamba haikuniuma. Iliniuma. Lakini ya mwaka huu hukuigusa kwa brashi, uliisoma kama ilivyo, na leo niko hapa naandika, nyuzi zinawasha.

Sitakutukana. Labda kidogo, kwa ajili ya kumkatia mama simu.

Bi Kwanini

Tarehe 20 Julai

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Nilimsomea mkaza mjomba wako barua yako, tulipofika kwenye nyuzi saba akaondoka kwenda kuwalisha kuku waliokwisha kula. Mimi nilibaki. Nikaisoma tena kutoka juu.

Usiikune shingo. Na kamera usiitupe kabatini kwa hasira. Daktari amesema nini juu yake?

Mjomba wako

Tarehe 26 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Wote wazima. Kidonda kimefunga, kimebaki kijistari. Msimamizi wetu sasa ananiuliza kila siku kama meza iko sawa, mpaka najisikia vibaya.

Umeuliza daktari amesema nini. Aliniomba niende na kamera siku ya kliniki, Alhamisi ya mwisho wa mwezi, nikae kwenye kibaraza chao nyuma ya jengo. Masijala wamenipa ruhusa ya asubuhi hiyo. Kaka amenitengenezea stendi ya miguu mitatu kwa vyuma vya geti, nzito kama deni la dhamiri. Wanaokuja kuchukua losheni ya bure, ambayo imerudi, wanajipaka kama walivyozoea, kisha nawaonyesha kwenye kamera walichosahau. Karibu wote tunasahau masikio. Mzee mmoja amejipaka miaka ishirini na hajawahi kufika nyuma ya shingo yake mwenyewe.

Leo alikuja mama mmoja na binti yake wa miaka sita, mwenye ngozi kama yangu, ambaye kwao wanamwita Sindano, kwa wembamba na kwa ulimi. Mama alinieleza kwamba kila asubuhi ni vita. Mtoto hataki kupakwa. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Haifanyi kitu. Ukipaka inatoroka."

Mimi mwenyewe niliwahi kupaka kilichotoroka. Nikamgeuzia kioo cha kamera ajione, nikatia losheni kwenye kidole chake, nikamwambia aandike chochote mkononi. Akachora akitazama kioo. Kwa macho yetu mkono ulikuwa ule ule, hauna kitu. Kwenye kamera alikuwa ametokea samaki mweusi, mwenye jicho na mkia. Mtoto aliangalia mkono, akaangalia kamera, akaangalia mkono tena. Akamwambia mama yake, kwa sauti ya chini kabisa, "Yupo. Hatoroki. Amejificha."

Mama alitaka kuendelea na kazi, ampake haraka waondoke. Mtoto akauvuta mkono, hataki samaki afutwe. Nikamwambia samaki hakai nchi kavu, atakufa, anahitaji maji. Akafikiri. Akaniuliza maji kiasi gani. Nikasema bahari nzima.

Akachukua chupa mwenyewe. Alianza pembeni mwa samaki, akaenda kwenye kiwiko, akapanda begani, akashuka mpaka katikati ya vidole, polepole, ulimi nje, bila kuacha pengo. Kwenye kamera maji yalipanda mpaka samaki akazama, mkono wote ukawa mweusi, mzima, umefunikwa. Watu waliokuwa kwenye foleni walikuwa wamesimama kuangalia.

Sindano aliutazama kwanza kwa kamera, kisha kwa macho yake. Halafu akampa mama yake mkono wa pili.

Mpwa wako